SOMO LA 6: NJIA YA BUSTANI NA MAHALI PAPYA PA KUPANDA



Katika somo lililopita tulijifunza kuotesha mbegu kwenye kitalu. Leo tunatoka kitaluni na kutazama kiwanja chote: tutapita wapi, maji ya mvua yatapita wapi, na mboga zitakaa wapi. Watu wengi huanza na mboga, na njia huiacha ijichore yenyewe kwa miguu ya watu. Ndiyo maana mvua zikija, njia hugeuka mto, na mto huo hubeba mboga.

Kama kawaida yetu, tunaomba anayejua kusoma awasomee majirani zake kwa sauti, hasa wazee. Maswali ya kujadili yako mwisho wa somo.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili kila mmoja aweze:
1. kupima mteremko wa kiwanja chake kwa vifaa vya nyumbani;
2. kutengeneza njia isiyochimbwa na maji;
3. kuchagua mahali pa matuta mapya kulingana na maji aliyo nayo;
4. kuelewana na majirani kabla ya kupiga jembe.

KWA NINI SOMO HILI

Katika kambi za Mkoa wa Kigoma, kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Hiyo ni nusu ya mwaka au zaidi. Baada yake hufuata kiangazi, vumbi, na foleni ndefu bombani. Bustani nzuri ni ile inayovumilia nyakati zote mbili: isisombwe na mvua, wala isife kwa jua.

Tena tunajua sote kwamba mgao wa chakula si jambo la kutegemea peke yake. Mwaka 2017, na tena mwaka 2023, mgao ulipunguzwa kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Tuta moja la lengalenga halichukui nafasi ya mgao, lakini huweka mboga kwenye sahani ya mtoto, na ziada hununua chumvi na sabuni.

TUCHUKUE MFANO

Tuchukue mfano wa mstari wa nyumba nane zilizo kwenye mteremko. Bomba liko chini. Njia ilishuka moja kwa moja toka nyumba ya juu mpaka bombani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fupi. Mwaka wa kwanza ilikuwa njia. Mwaka wa pili ikawa mfereji. Mwaka wa tatu ikawa korongo la kufika magotini, na watu wakaanza kupita pembeni, juu ya mboga za wenzao.

Usiku mmoja wa mwezi wa Januari, mama mwenye mimba ya miezi saba aliteleza humo akiwa na ndoo ya lita 20 kichwani. Lita 20 ni kilo 20. Mungu alisaidia, mtoto alizaliwa salama, lakini mkono wa mama ulivunjika, na kwa wiki nyingi alilishwa na majirani.

Ndipo watu wa mstari ule wakakaa kikao. Walipima ardhi kwa namna tutakayoieleza hapa chini, wakaona kwamba njia nzuri ni ya kukata mteremko kwa mshazari. Ubaya ni kwamba mstari wa vigingi ulipita katikati ya tuta la bibi mmoja anayeishi peke yake.

Bibi akasema: "Wanangu, hii lengalenga ndiyo chumvi yangu na sabuni yangu. Mkipitisha njia hapa, mtakuwa mmenila mimi."

Wakanyamaza, kwa kuwa alisema kweli. Tutarudi kwa bibi baadaye. Kwanza tujifunze kupima.

HATUA YA KWANZA: KUPIMA MTEREMKO

Vifaa: fito iliyonyooka yenye urefu wa mita 1, chupa ya plastiki yenye maji nusu, na rula ya mwanafunzi.

Lala fito juu ya ardhi kufuata mteremko. Weka chupa imelala juu ya fito. Inua mwisho wa fito ulio upande wa chini mpaka maji ndani ya chupa yalale sawasawa. Sasa pima nafasi iliyo kati ya mwisho huo wa fito na ardhi.

- Ikiwa ni sentimita 5 au chini yake, njia inaweza kushuka moja kwa moja, mradi iwe na mitaro pembeni.
- Ikiwa ni kati ya sentimita 5 na 12, njia ipite kwa mshazari.
- Ikizidi sentimita 12, ni lazima kuweka ngazi, au kuzungusha njia iwe ndefu zaidi.

Kama kuna mtu anayetumia kiti cha magurudumu, baiskeli ya miguu mitatu au magongo, njia isizidi sentimita 8 kwa kila mita 1. Msimsahau mtu huyo kwenye kikao. Yeye ndiye anayeijua njia kuliko wote.

HATUA YA PILI: KUTAFUTA MSTARI ULIOLALA SAWA

Kwa kazi hii tunatengeneza kipimo cha herufi A. Chukua fito mbili za mita 2, zifunge pamoja kwa juu, tandaza miguu yake, kisha funga fito fupi katikati ili kupata umbo la herufi A. Kwenye kilele funga kamba yenye jiwe, ining'inie kupita ile fito ya katikati.

Kipimo kipya lazima kisahihishwe kwanza. Kisimamishe na utie alama chini ya kila mguu. Tia alama pale kamba inapogusa fito ya katikati. Halafu kigeuze, mguu wa kulia ukae mahali pa wa kushoto, na wa kushoto mahali pa wa kulia. Tia alama tena. Utapata alama mbili. Katikati yake ndipo penyewe: kamba ikikaa hapo, miguu yote miwili iko kwenye kimo kimoja.

Sasa tembea na kipimo kukata kiwanja, mguu mmoja baada ya mwingine, ukiweka kigingi kila mguu unapotua sawasawa. Mstari wa vigingi hivyo ndio mstari wa kontua, yaani mstari usiopanda wala kushuka. Usishangae ukipinda kama nyoka. Ndivyo ardhi ilivyo.

Matuta ya mboga yafuate mstari huo. Njia iukate kwa mshazari, ikishuka polepole, kama mita 1 kwa kila mita 12 au 15 za mwendo.

HATUA YA TATU: KUTENGENEZA NJIA

1. Chora njia kwa kamba na vigingi. Upana wa mita 1 humtosha mtu mwenye ndoo. Pale watu wanapopishana, acha mita 1 na nusu.

2. Ondoa udongo wa juu, ule mweusi, kwa kina cha sentimita 10. USIUTUPE. Huo ndio chakula cha mimea. Njia ya mita 15 kwa upana wa mita 1 hutoa mita 1 na nusu ya ujazo ya udongo huo. Tuta la mita 1 kwa mita 5 likiongezewa udongo wa sentimita 10 linahitaji nusu mita ya ujazo. Kwa hiyo njia moja fupi hulisha matuta matatu. Hii ni kwa ardhi isiyowahi kukanyagwa. Njia ya zamani haina tena udongo mzuri.

3. Jaza mawe makubwa chini, kokoto au changarawe juu yake. Nyunyiza maji kidogo, kisha shindilia kwa gogo zito lenye mpini. Shindilia mara nyingi, tabaka kwa tabaka. Usitumie matofali mabichi. Mvua ya siku mbili huyarudisha kuwa tope.

4. Katikati ya njia pawe juu kuliko pembeni kwa vidole viwili, kama mgongo wa samaki. Maji yashuke kando, yasikimbie katikati.

5. Pembeni ya njia, upande wa juu, chimba mtaro mdogo wa upana wa jembe. Huu hushika maji kabla hayajafika njiani.

6. Kila baada ya mita 8 au 10, weka kinga ya maji: mstari wa mawe uliozikwa kukata njia kwa mshazari, ukijitokeza kidogo juu ya ardhi. Kazi yake ni kuyatoa maji njiani na kuyaelekeza bustanini. Maji machache yakitolewa mara nyingi hayadhuru. Yakiachwa yakusanyike, yatachimba korongo.

7. Pakihitajika ngazi, kila ngazi iwe na kimo cha sentimita 15 na nafasi ya kukanyaga ya sentimita 40. Kingo ziwe za mawe au matofali ya kuchoma. Miti huliwa na mchwa, na ngazi iliyooza ni mtego.

8. Kwenye kingo panda mchaichai au majani mengine yenye mizizi mingi. Mizizi hushika udongo, na mchaichai hutiwa kwenye chai.

TAHADHARI: Usichimbe palipo na bomba la maji. Usizibe mtaro mkuu wa kambi wala ile nafasi iliyoachwa wazi ya kuzuia moto. Usitoe mawe kwenye choo au kwenye sakafu ya bomba. Kabla ya kuanza, mweleze kiongozi wenu wa kijiji, naye awaulize wahusika wa maji na makazi.

HATUA YA NNE: MAJI YANAYOTOKA NJIANI YAENDE WAPI

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mtu wa juu huokoa njia yake kwa kuyasukuma maji nyumbani kwa mtu wa chini. Huko ni kuhamisha taabu tu, na mwenye kuletewa taabu atairudisha.

Kila kinga ya maji iwe na shimo lake la kupokea: upana wa sentimita 30 hadi 40, kina cha sentimita 40, na urefu wa mita 2 au 3 kufuata kontua. Panda mgomba au mpapai upande wake wa chini. Maji yatazama ardhini, na mti utayanywa hata wiki kadhaa baada ya mvua kukatika.

Shimo lisiwe karibu na ukuta wa nyumba, kwani nyumba za udongo hulainika kwa chini na kuanguka. Lisiwe karibu na choo. Tena likague baada ya mvua: maji yazame ndani ya siku mbili. Yai la mbu kwa kawaida huchukua wiki moja au zaidi kugeuka mbu anayeruka, kwa hiyo shimo linalokauka haraka haliwezi kuwalea. Lisilokauka lifukie nusu kwa mawe.

HATUA YA TANO: KUPANGA MATUTA MAPYA

Wengi huuliza: "Kiwanja changu kinaingiza matuta mangapi?" Swali hilo limeanzia nyuma. Uliza kwanza: "Nina maji ya matuta mangapi?"

Wakati wa kiangazi, mita moja ya mraba ya mboga za majani huhitaji kama lita 4 kwa siku. Tuta la mita 1 kwa mita 5 ni mita za mraba 5. Kwa hiyo litahitaji lita 20, yaani ndoo moja kubwa kila siku. Matuta manne ni ndoo nne. Je, nani atazibeba? Mara nyingi ni mama, au binti ambaye angekuwa shuleni.

Kiwango cha chini cha maji kinachokubalika katika huduma za wakimbizi wakati wa dharura ni lita 15 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Familia ya watu 5 ni lita 75. Bustani isile maji hayo kabla hayajafanya kazi yake nyumbani. Itumie yaliyobaki baada ya kuogea, kuosha vyombo na kufua.

Maji ya sabuni yamwagwe chini kwenye shina, si juu ya majani, wala kwenye mboga inayoliwa mbichi. Yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyatumie kabisa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: wakati wa mvua lima matuta mengi upendavyo, wakati wa kiangazi baki na tuta moja au mawili, na uyafunike kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Mengine yapumzike chini ya matandazo.

Ukiwa umekwisha kuhesabu maji, fuata mpango huu:

Karibu na mlango: mboga za kuchuma kila siku, kama lengalenga, matembele na kitunguu cha majani. Unayoyaona kila asubuhi ndiyo unayoyamwagilia.

Katikati: nyanya, biringanya, bamia, maharage. Nyanya, biringanya, mnafu na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Ugonjwa wa mmoja humkuta mwingine. Usiwafuatanishe kwenye tuta moja. Baada yao panda maharage au lengalenga.

Mbali: muhogo na maboga, visivyohitaji kumwagiliwa mara kwa mara.

Mpakani: mpapai, mgomba, mlonge. Lakini tazama kivuli chake. Simamisha fito mahali unapotaka kupanda mti, uangalie kivuli asubuhi, mchana na jioni. Kivuli kikilala bustanini kwa jirani, mti huo utazaa maneno kabla ya matunda.

Tuta liwe na upana wa mita 1, lisizidi mita 1 na sentimita 20, ili mkono ufike katikati toka pande zote mbili. Anayekanyaga tuta anafukuza hewa na maji. Kati ya tuta na tuta acha sentimita 40.

Wasio na nafasi wajaze gunia udongo na samadi, wakiacha nguzo ya mawe madogo katikati ya kupitishia maji, na kupanda juu na ubavuni. Gunia haligombaniwi na njia.

KIKAO CHA MAJIRANI

Sasa turudi kwa bibi. Mzee mmoja wa mstari ule alisema: "Bibi, hatukuja kukunyang'anya. Tuambie wewe, tufanye nini mkono wa mtu mwingine usivunjike?"

Bibi alifikiri, kisha akasema: "Ngojeni nivune. Halafu mnionyeshe kwa vigingi, si kwa mdomo, wapi nitapanda tena."

Hapo ndipo mapatano yalipopatikana. Walingoja wiki tatu, lengalenga ikavunwa. Jirani wa juu alitoa sehemu ya kiwanja chake yenye ukubwa uleule, ikapigiwa vigingi mbele ya kiongozi wa kijiji. Udongo mweusi uliotoka njiani ulipelekwa kwanza kwenye tuta jipya la bibi, ndipo wengine wakagawana uliobaki. Kinga ya maji ya pili ikaelekezwa kwenye migomba yake. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja kwa siku tatu. Nyumba moja haikutoa mtu. Walifanya kazi bila yeye, na njia hawakumzuia kupita.

Msimu uliofuata korongo la zamani lilijazwa mawe na matawi, likapandwa majani. Bibi sasa anachuma lengalenga kwenye udongo mzito kuliko ule wa kwanza. Lakini ni vizuri tuseme ukweli: kama wangemchukulia ardhi kwa nguvu, njia ingekuwepo, na ujirani ungekufa. Vigingi huwekwa baada ya maneno.

KUTUNZA NJIA

Baada ya kila mvua kubwa, pita na jembe. Fukia kila mfereji mdogo uwahi kabla haujakua; wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Zibua kinga za maji. Udongo uliokusanyika kwenye mashimo ya kupokea maji urudishe kwenye matuta, maana ni wako uliokuwa unakukimbia. Kazi hii kwa nyumba nane ni zamu ya nusu saa.

Nyumba zinapobadilika, watu wengine wakirudi makwao na wengine kuhamia, mweleze mgeni mapatano yenu mapema, kabla hajaweka uzio juu ya mtaro.

KUMBUKA

- Pima kabla ya kuchimba.
- Njia ikate mteremko, matuta yafuate kontua.
- Udongo mweusi wa njia ni mali ya bustani.
- Hesabu ndoo kwanza, matuta baadaye.
- Maji yako yasiwe msiba wa jirani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wenu, ni wapi maji ya mvua yanapochimba njia? Yanatoka wapi?
2. Familia ya watu 6 ina ndoo mbili za maji yaliyotumika kila siku. Katika kiangazi itunze matuta mangapi ya mita 1 kwa mita 5? Nani atamwagilia?
3. Njia mpya inapita kwenye tuta la mjane. Mtampa nini, na lini: kabla ya kazi au baada yake?
4. Ni nani katika mstari wenu anayetembea kwa shida? Je, ameulizwa?

Mazoezi: kabla ya mvua za kwanza, kila kikundi kitengeneze kipimo kimoja cha herufi A na kupiga vigingi vya kontua kwenye viwanja viwili.

Somo lijalo: Kutengeneza mboji kwa majani, majivu na samadi.